Utando wa Jerez

Mji wa Jerez de la Frontera, ulioko kusini mwa Hispania, Waarabu walipoutawala waliuita Sharish, na jina hilo Waingereza waliligeuza ndimini mwao hata likawa sheri. Basi kila aagizaye bilauri ya mvinyo huo, ajue asijue, hutamka Kiarabu cha mji ambao Mfalme Alfonso wa 10 aliutwaa mwaka 1264, na mzaha wa tarehe uupitao huo sijauona.

Zabibu zake, aina ya palomino, hazina makuu. Sifa, kwa rai yangu, ni ya ardhi na upepo: udongo mweupe wa chokaa hunywa mvua za majira ya baridi ukashiba, kisha jua likiushukia hufanya ganda juu, na mizabibu ikapata maji chini yake kiangazi kizima.

Mvinyo ukiisha kuchacha na sukari yake kuliwa yote, huongezwa kileo kufika asilimia 15, ukatiwa katika mapipa ya mwaloni ya lita 600 yasiyojazwa pomoni, na katika nafasi iliyoachwa huota utando mweupe wa chachu, uitwao flor, yaani ua. Utando huo huuzuilia mvinyo hewa, na papo hapo hula kileo na ule ulaini uupao uzito mdomoni, hata ukabaki mweupe, mkavu, wenye harufu ya unga uliokandwa na lozi. Kileo kikizidi asilimia 17 utando hufa, hewa ikauingia mvinyo, ukapiga hudhurungi. Huo ndio oloroso.

Tena utando hutaka kudekezwa: poniente, upepo wa magharibi uletao unyevu wa Atlantiki, huunawirisha, levante, mkavu wa mashariki, huudhoofisha, na ndiyo maana madirisha ya maghala hutundikwa mikeka na sakafu ya mchanga hunyunyizwa maji. Huko Sanlúcar de Barrameda, mlangoni mwa mto Guadalquivir, utando hunona karibu mwaka mzima, na mvinyo wa huko huitwa manzanilla.

Msomaji asidhani kwamba mvinyo huo wa utando ndio alioupora baharia Mwingereza Francis Drake bandarini Cádiz mwaka 1587, yapata mapipa 2,900. Zama hizo mvinyo uliuzwa ungali mchanga. Utando ulipata umri baadaye, wafanyabiashara walipozoea kupanga mapipa safu juu ya safu, wakiteka kidogo katika safu ya chini na kuijaliza kwa mvinyo mchanga zaidi wa safu ya juu, hata chachu ikawa haikosi chakula.

Mwonjaji wa ghalani hutumia kata nyembamba yenye mpini mrefu unaopindika. Huizamisha kwa pigo moja, ikatoboa utando pasipo kuuvuruga, na ikiisha kutoka, tundu hujifumba.