Jim Carrey na Ile Hundi Mnayonitumia Kila Siku

Wasee, hii story ya Jim Carrey na hundi imenichosha. Mnaijua: katikati ya miaka ya 80 hana kitu, anajiandikia hundi ya dola milioni 10, anaiweka kwa waleti, anaamini, anatajirika. Kila nikisema niliacha chuo, lazima mtu anitumie hiyo klipu. Ati hata huyo aliacha shule.

Sawa, aliacha. Mnajua kwa nini lakini? Babake, Percy, alikuwa mpiga saksafoni. Akaachana na muziki, akawa mhasibu, juu hiyo ndiyo kazi ya uhakika. Jim akiwa na miaka 12, kazi ya uhakika ikaisha. Baadaye familia nzima ikawa inafagia na kulinda kiwanda cha magurudumu huko Scarborough, Kanada. Kijana anatoka darasani, anaingia zamu ya masaa manane. Kuna wakati hata walilala kwa gari. Hapo mtu hajaacha shule afuate ndoto. Ni shida tu.

Na ni huyo huyo baba alimpeleka klabuni Toronto kuchekesha watu, akiwa 15. Hakuna aliyecheka.

Akaenda Los Angeles. 1984 akapata kipindi chake cha TV, The Duck Factory. Sehemu 13, kikakatwa. Alikuwa stadi wa kuiga watu maarufu, na hiyo ilimlipa, lakini akaiacha ili atafute uchekeshaji wake mwenyewe. (Hii ndiyo hatua ninayoiheshimu kuliko hundi.) In Living Color ilikuja 1990. Halafu 1994, filamu tatu mwaka mmoja: Ace Ventura, The Mask, Dumb and Dumber. Ya kwanza alilipwa dola 350,000, ya tatu milioni 7. 1996, The Cable Guy, milioni 20. The Truman Show ya 1998 ikampa Golden Globe ya drama. Oscar hawakumteua hata.

Hesabu sasa: kutoka Toronto hadi Ace Ventura ni karibu miaka 17. Klipu yenu ina sekunde 40.

Percy alifariki 1994, mwaka huo huo. Jim anasema ile hundi aliiweka kwa jeneza la babake. Hiyo sehemu hamnitumiangi.

Mzee wangu bado huniuliza nitarudi chuo lini. Jumapili alinishikia simu nikirekodi nyuma ya nyumba, mara tisa, akilalamika mkono unauma.