Sauti Kando ya Shuka Jeupe

Ukiingia Tunduma jioni kutoka upande wa Mpemba, wa kwanza kukupokea ni malori. Yamepanga foleni, madereva wanasubiri karatasi zao zikamilike wavuke mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na mtu anayesubiri hutafuta pa kukaa. Kibanda umiza ni mahali pa namna hiyo: mabenchi ya mbao, televisheni iliyoinuliwa juu, spika kubwa kuliko chumba, na nje ubao ulioandikwa kwa chaki mechi na filamu za leo. Filamu inaweza kuwa ya Kichina, ya Kihindi au ya Kimarekani. Anayesikika ni Mtanzania mmoja aliyeshusha sauti za waigizaji akaweka yake: anaeleza, anatania, anamkemea jambazi, anamwonea huruma bibi harusi. Watu wa mpakani hawashangai. Wanajua kwamba palipo na lugha mbili, mwenye kutafsiri ndiye mwenye shughuli.

Sauti hiyo ina ukoo mrefu, na sehemu kubwa ya ukoo huo iko Tanganyika.

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Fedha nyingi zilitoka Shirika la Carnegie la Marekani. Wazo lilikuwa la J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni. Kazi yenyewe waliisimamia Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kuwa meneja wa shamba la mkonge, na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Hadi mradi ulipokwisha mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35. Lori lao lilizizungusha Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda, likifunga shuka jeupe penye uwanja na kusubiri giza liingie.

Picha hizo hazikuwa na sauti ndani yake. Maneno yalirekodiwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, santuri ikapigwa sambamba na mkanda. Faida yake ilikuwa dhahiri, kwani mkanda mmoja uliweza kusema lugha nyingi. Hasara yake ilikuwa kwamba sindano ikiruka, au mashine ikizunguka polepole kidogo, maneno huachana na picha. Hapo dawa ilikuwa moja, mtu asimame na kipaza sauti aeleze mwenyewe. Tangu mwanzo, basi, sinema ya huku ilikuwa kitu cha vipande viwili: picha inayotoka mbali, na mdomo ulio karibu.

Moja ya filamu hizo ilihusu benki ya akiba ya posta. Vibarua wa shamba wanapokea mshahara. Mmoja anafukia fedha zake chini ya sakafu ya kibanda, mwizi anaziiba. Mwingine anazipeleka posta, naye anasalimika. Hadithi ni fupi, lakini tazama ilivyojengwa. Watu wawili wamewekwa sambamba, mwerevu na mjinga, na kazi ya mtazamaji imekwisha kufanywa kabla hajakaa: amcheke mmoja, amwige mwingine. Kisichoonyeshwa ni umbali wa kwenda posta, wala ukubwa wa mshahara wenyewe, wala sababu ya kibarua kutoyaamini madirisha ya serikali. Kamera ikimpiga mtu picha akiwa peke yake kibandani mwake, shida yake huonekana ni tabia yake. Sidhani kama Notcutt alikusudia hila. Alikuwa anafundisha akiba. Ila mtindo una maoni hata pale mtengenezaji anapodhani hana.

Mwerevu na mjinga hao waliishi muda mrefu. Mwaka 1939 Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni chini ya William Sellers, afisa aliyewahi kuonyesha filamu za afya Nigeria. Sellers aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji sinema ya aina yake: picha zikae muda mrefu, kamera itulie, matukio yafuatane bila kuruka, kitu kisikuzwe kupita kiasi. Kisa kilichosimuliwa mara nyingi kuthibitisha hoja hiyo ni cha mbu aliyekuzwa hadi akajaza shuka, na wanakijiji wakasema kwao hakuna malaria ya namna hiyo kwa sababu mbu wao ni wadogo. Kisa hiki kimerudiwa na watu wengi kama ushahidi wa ujinga. Mimi nikikisikia naona wanakijiji wanaotania. Mtu anayeishi na mbu kila usiku hashindwi kumtambua. Anaweza kabisa kumchokoza mgeni aliyekuja kumfundisha mbu ni nini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili njia ziligawanyika, na zilijigawa hapa hapa mpakani. Mwaka 1948 Rhodesia mbili na Nyasaland ziliunda kitengo chao cha filamu cha Afrika ya Kati. Tanganyika haikuwamo. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka: Mnyamwanga wa upande wa Nakonde akawa chini ya sera moja ya sinema, na ndugu yake wa Tunduma, hatua chache tu kutoka kwake, chini ya nyingine. Mkoa wa Songwe, ilimo Tunduma leo, haukuwapo wakati huo. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kulikuwa na barabara kuu, mpaka, na watu waliouvuka kwenda kusalimia wakwe.

Serikali ya Tanganyika iliamua kujaribu hadithi za kuchekesha kwa Kiswahili, ikishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg. Ndipo ikapatikana Muhogo Mchungu, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mtu wa shamba anafika Dar es Salaam, anakutana na wajanja, anadanganywa. Jina limechaguliwa vizuri, kwani muhogo mchungu hauliwi kabla haujaandaliwa, na mji nao una sumu yake. Somo halikufichwa: mshamba, kaa kwenu.

Aliyeigiza mshamba huyo ni Rashidi Mfaume Kawawa. Alikuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya maendeleo ya jamii, na kazi yake ilimtembeza na gari la sinema, kwa hiyo aliijua biashara hii kutoka pande zote mbili za shuka. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Januari 1962 akawa waziri mkuu. Mtu aliyewachekesha watu kwa kucheza mjinga wa mjini ndiye aliyekabidhiwa serikali nzima. Sijui mwandishi wa tamthilia ambaye angethubutu kuliandika hilo.

Nchi huru ilirithi magari ya sinema, na ilirithi hadithi pia. Mwaka 1968 ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na katikati ya miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge. Yombayomba, mkulima maskini, anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Mji unamshinda. Anakutana na mawazo ya chama tawala, TANU, anaona kijiji cha ujamaa kinavyoendeshwa, anarudi kwao kuwaunganisha wenzake. Safari ni ileile ya Muhogo Mchungu, shamba hadi mjini. Kilichobadilika ni mahali hadithi inapoishia. Ukimwacha mtu mjini akiwa ameibiwa, umemwita mjinga. Ukimrudisha nyumbani akiwa na la kusema, umemfanya mwalimu, na uozo unapoonekana pale mjini, kinachoshtakiwa sasa ni mfumo, si yeye. Huo ni ufundi wa kupanga matukio, na katika hilo filamu ile ina heshima yake.

Lakini nayo iliacha vitu nje ya fremu. Yombayomba anaingia ujamaa kwa kushawishika. Katika miaka hiyohiyo, kwenye Operesheni Vijiji, watu wengi walihamishiwa vijiji hivyo kwa nguvu. Na kwa kijana wa Tunduma kulikuwa na utata mwingine. Filamu ilimwambia abaki shambani, huku reli ya TAZARA, iliyofika mpakani mwaka 1973 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ikimwekea njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Serikali moja, ujumbe wa aina mbili. Treni ilipiga honi kwa sauti zaidi.

Kisha magari ya sinema yakachakaa, zikaja kanda za video. Televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 tu, kwa hiyo kwa muda mrefu video ndiyo iliyokuwa sinema ya miji midogo. Humo ndimo walimotokea watafsiri wa filamu, na aliyevuma kuliko wote ni Lufufu. Aliisimulia hata Titanic kwa Kiswahili. Kilichofanywa na watafsiri hawa kitaalamu ni kile kile cha santuri za Vugiri, yaani kubandika sauti juu ya picha ya mtu mwingine, ila kamba sasa ilishikwa kutoka ncha ya pili. Zamani mtengeneza picha alimtuma msemaji amweleze mtazamaji. Sasa msemaji anatoka kwa watazamaji na kumhukumu mtengeneza picha: tajiri akiringa anapigwa kijembe, polisi akipokea bahasha anatajwa kwa jina la kazi yake, na mapenzi ya Ulaya yanapimwa kwa mizani ya mahari.

Usimdhani malaika. Mtafsiri naye ana mjinga wake, mara nyingi mwanamke au mtu wa kijijini. Tofauti ni kwamba kibandani Tunduma yeyote aliyelipa kiingilio anaweza kumjibu. Msimuliaji anamwita mhusika mshamba. Kutoka benchi la nyuma dereva aliyekaa siku ya pili akisubiri stempu anauliza, kwa sauti inayoishinda spika, mshamba ni nani hapo. Chumba kizima kinacheka, filamu inaendelea, na nje injini moja inawaka kwa sababu foleni imesogea.