Je, michezo ya zamani ya video iliyoboreshwa yastahili bei mpya?

KAMPUNI zinazounda michezo ya video zina mazoea ya kurejesha sokoni michezo iliyovuma zamani, picha na sauti zake zikiwa zimeboreshwa, kisha kuiuza kwa bei inayokaribia ile ya mchezo mpya.

Je, mnunuzi hupata thamani ya fedha zake, au huuziwa ukuta wa zamani uliopakwa rangi?

Yafaa kwanza kutenganisha kazi mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Kuboresha mchezo ni kuuchukua uleule na kuongeza uangavu wa picha na wepesi wa mwendo, ili uchezeke katika mitambo ya kisasa. Kuunda upya ni kuchora tena wahusika, majengo na mandhari tangu mwanzo. Katika kazi zote mbili, hadithi huwa imekwisha kuandikwa na wateja wanaifahamu, hivyo hatari ya hasara huwa ndogo.

Mchezo wa The Last of Us, ulioundwa na Naughty Dog, kampuni tanzu ya Sony, ni mfano mwafaka. Ulitolewa mwaka 2013 kwa mtambo wa PlayStation 3. Mwaka 2014, toleo lililoboreshwa kwa ajili ya PlayStation 4 liliuzwa kwa dola 49.99 za Marekani. Mnamo 2022 ukaundwa upya kwa PlayStation 5, na bei ikapanda hadi dola 69.99.

Picha zilikuwa bora zaidi, lakini hadithi ilikuwa ileile. Isitoshe, sehemu ya kushindana na wachezaji wengine kupitia intaneti iliondolewa. Aliyekuwa na toleo la 2014 alitakiwa kulipa bei kamili kwa kitu ambacho kwa kiasi kikubwa alikuwa nacho.

Hali ilikuwa tofauti kwa Crash Bandicoot N. Sane Trilogy mwaka 2017. Michezo mitatu ya kati ya 1996 na 1998 ilichorwa upya na kuuzwa pamoja kwa dola 39.99, yaani chini ya dola 14 kwa kila mmoja.

Hata hivyo, wingi pekee si kipimo. Mnamo Novemba 2021, michezo mitatu ya Grand Theft Auto, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2001, 2002 na 2004, ilirejeshwa kwa dola 59.99 ikiwa na kasoro tele: sura za wahusika ziliumbuka na mvua ilimzuia mchezaji kuona. Matoleo ya awali nayo yalikuwa yameondolewa katika maduka ya mtandaoni. Kampuni ya Rockstar Games iliomba radhi na kuahidi kuyarejesha yale ya kompyuta.

Kipimo kingine ni haki kwa mteja wa awali. Toleo lililoboreshwa la The Last of Us Part II liliuzwa kwa dola 49.99 mwaka 2024, ilhali aliyekuwa na lile la PlayStation 4 aliongeza dola 10 tu.

Kwa hivyo, bei huhalalishwa na kazi mpya iliyofanywa, uthabiti wa mchezo tangu siku ya kwanza, na namna aliyekwisha kulipa anavyotendewa. Asiyewahi kuucheza mchezo ana sababu ya kununua. Aliye nao hana haja ya kuharakisha, kwani bei aghalabu hushuka baada ya miezi kadhaa, na mvumilivu hula mbivu.