Utakula Saa Ngapi, na Nani?

Ukinunua tiketi ya meli ya utalii, zile zinazofanana na jumba la ghorofa lililosukumwa baharini, kuna swali litakalokufikia kabla hata hujapanga nguo. Utakula chakula cha jioni saa ngapi? Zamu ya kwanza huwa karibu saa kumi na mbili jioni, ya pili karibu saa mbili na nusu usiku. Ukishajibu hilo linakuja lingine: unataka meza ya watu wawili, wanne au wanane? Ukisema wanane, utaketishwa na watu usiowajua, na hao ndio mtakaotazamana kila jioni hadi safari iishe.

Haya ni mambo ya wenye nazo, utasema, na hujakosea sana. Lakini nimekaa na hilo swali kwa muda, na kila nikilivuta linanipeleka nyuma, kwenye meli ambazo abiria hakuulizwa lolote. Aliambiwa. Aliambiwa ale saa ngapi, wapi, na hasa aliambiwa asile na nani.

Kwanza tumalize hesabu, maana zamu mbili si ushamba wala ustaarabu, ni hesabu tu. Meli ikibeba abiria elfu tatu, hakuna mwenye meli atakayejenga ukumbi wa viti elfu tatu halafu ukae mtupu sehemu kubwa ya siku, wakati nafasi hiyo ingetoa vyumba vya kuuza. Kwa hiyo unajengwa ukumbi wa nusu yao. Wa kwanza wanakula, meza zinafutwa, vitambaa vinabadilishwa, wa pili wanaingia. Mama wa kibanda pale mjengoni anaijua hesabu hii vizuri kuliko mhandisi: benchi ni moja, saa saba mchana wateja ni wengi, kula uondoke mwenzako akae.

Kilicho kigumu ni nani anakaa benchi lipi.

Mwaka 1847 mwanamume mmoja alikuwa Liverpool akijiandaa kurudi kwao Marekani. Jina lake Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka, akaandika kitabu cha maisha yake, na kitabu hicho kikamfanya ajulikane kiasi kwamba ilibidi akimbilie Uingereza asije akakamatwa. Huko alizunguka karibu miaka miwili akihutubia kumbi zilizojaa. Marafiki Waingereza wakachanga pesa, wakamnunulia uhuru wake kutoka kwa aliyejiita bwana wake. Sasa anarudi akiwa mtu huru kisheria, na mfukoni ana tiketi ya daraja la kwanza ya meli ya Cambria, ya kampuni ya Cunard.

Alipofika melini akaambiwa kitanda alicholipia kimepewa mtu mwingine. Angepewa chumba, sawa, lakini kwa sharti: ale peke yake, asiingie ukumbini na abiria wenzake. Hakuwa na deni, hakuwa na kosa. Wamarekani waliokuwa wakisafiri naye wasingependa kukaa meza moja na mtu mweusi, basi. Douglass aliandika barua kwa gazeti la Times, nalo likaichapa, na Waingereza wengi wakakasirika kweli kweli. Samuel Cunard mwenyewe akajibu hadharani kwamba anasikitika na kwamba jambo kama hilo halitatokea tena katika meli zake.

Angalia vizuri kilichokatazwa. Hakukatazwa kusafiri. Pesa yake ilipokelewa. Hata chumba alipata, na kwa maelezo yaliyobaki hakikuwa chumba kibaya. Aliyokatazwa ni meza. Maana chumbani mtu yuko peke yake na hakuna anayemwona, lakini mezani mnapitishiana chumvi, mnaulizana habari za nyumbani, na ukishampitishia mtu chumvi siku kumi mfululizo ni vigumu kuendelea kusema yeye si mtu kama wewe. Ndiyo sababu meza ililindwa kuliko kitanda.

Miaka 41 baadaye kijana wa Kihindi, hajatimiza hata miaka 19, alipanda meli ya Clyde huko Bombay kwenda kusomea sheria London. Huyu hakufukuzwa mezani na mtu. Alijifukuza mwenyewe. Mohandas Gandhi ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba hakujua kutumia uma na kisu, Kiingereza chake kilikuwa kinasita, na alikuwa ameapa kwa mama yake kwamba hatagusa nyama. Kumuuliza mhudumu ni chakula kipi hakina nyama kulimshinda kwa haya. Basi akajifungia kabini akala peremende na matunda aliyobeba kutoka nyumbani. Yeyote aliyewahi kuingia mkahawa wa bei kule mtaa wa wenyewe, akafungua menyu, akajifanya hana njaa, anamwelewa huyu kijana bila kufafanuliwa.

Lakini safari yake ya pili ndiyo inayotuhusu, kwa sababu ilipita kwetu. Mwaka 1893 Gandhi, sasa wakili, alitakiwa kwenda Afrika Kusini kwa kesi ya mfanyabiashara. Wakala wa mfanyabiashara huyo akamwambia daraja la kwanza limejaa. Kuna mkubwa wa Kireno anayekwenda kutawala Msumbiji na msafara wake umechukua vyumba vyote. Ila asafiri juu ya sitaha kama wasafiri maskini, na chakula ale ndani, ukumbini. Yaani alale na wa chini, ale na wa juu. Ni kinyume kabisa cha alichopewa Douglass! Gandhi akakataa. Wakili mzima alale sitahani? Mwenyewe anakiri katika kitabu chake kwamba wakati huo bado alikuwa mtu wa daraja la kwanza. Akaenda kumwona afisa mkuu wa meli ana kwa ana, na yule bwana, kwa ukarimu, akampa kitanda cha ziada katika kabini yake mwenyewe.

Meli ikafika Lamu baada ya siku kama kumi na tatu. Gandhi akashuka kutembea mjini, akachelewa, na nusura aachwe. Baadaye ikapita Mombasa na Zanzibar. Wiki chache mbele, huko Natal, alitupwa nje ya behewa la daraja la kwanza pale Pietermaritzburg, tiketi ikiwa mkononi. Tukio hilo linafundishwa kila mahali. Lile la sitaha na ukumbi halifundishwi, ingawa mimi naona ndilo linaloonyesha alivyokuwa kabla hajatupwa: mtu aliyeamini kwamba akilipa sawasawa na kuvaa sawasawa, nafasi yake itakuwepo.

Waliolala sitahani kwenye njia hiyo ya Bombay kwenda Mombasa walikuwa wengi mno, miaka nenda miaka rudi. Dukawala, fundi, karani wa reli, mke anayemfuata mume asiyemwona kwa miaka. Meli za kampuni ya British India ziliendelea na njia hiyo hadi miaka ya 1970, na Wakenya wengi wa asili ya Kihindi wana bibi au babu anayekumbuka jina la Karanja au Kampala. Huko sitahani hakukuwa na swali la meza. Ulitandika mkeka wako, na mkeka ndio ukawa meza.

Wakati huohuo, juu, matajiri walianza kuchoka na ratiba. Kwa muda mrefu hata abiria wa daraja la kwanza walikula kwenye meza ndefu, viti vimefungwa sakafuni visiteleze mawimbi yakija, na wote kwa saa moja. Mjerumani Albert Ballin, aliyeongoza kampuni ya meli ya Hamburg-Amerika, aliona hoteli za César Ritz zilivyowavuta watu haohao nchi kavu, akaamua kuiga. Mwaka 1905 meli yake mpya, Amerika, ikawa na mkahawa wa jina la Ritz-Carlton. Ukitaka kula saa unayotaka, kwenye meza ndogo ya kwako na marafiki zako, nenda huko, lipa zaidi. Hapo ndipo uhuru wa kuchagua saa ya kula ulipoanza kuuzwa baharini kama bidhaa.

Titanic iliiga mtindo huo mwaka 1912. Ilikuwa na mkahawa wa aina hiyo, ukiendeshwa na Mwitaliano Luigi Gatti, na usiku ule wa mwisho nahodha Smith alikula hukohuko, akiwa mgeni wa familia tajiri ya Philadelphia. Abiria wengine wa daraja la kwanza waliitwa ukumbini kwa tarumbeta. Sasa tazama viti. Ukumbi wa daraja la kwanza ulikuwa na viti zaidi ya 500, na abiria wa daraja hilo katika safari ile walikuwa 300 na kitu. Daraja la tatu lilikuwa na viti visivyofika 500 kwa abiria zaidi ya 700. Wale wa juu walikuwa na viti vya kuchezea. Wa chini ndio waliokula kwa zamu, chakula chao kikubwa kikiwa cha mchana na jioni wakipata chai na vitu vya kushikia tumbo.

Na wahudumu wa Gatti je? Walikuwa zaidi ya 60, wengi Waitaliano na Wafaransa. Hawakuwa waajiriwa wa kampuni ya meli na hawakuwa abiria. Meli ilipozama walipona watatu.

Nchi kavu, kwetu, tuliupata utaratibu huuhuu kwa njia ya reli. Mwanzoni treni ya Mombasa ilisimama Voi na Makindu abiria wenye uwezo washuke wakale. Baadaye likaja behewa la kulia chakula, na likaja na zamu zake mbili kama melini. Waliosafiri na treni ya usiku kutoka Nairobi kabla ya mwaka 2017 wanakumbuka: saa moja treni inaondoka, na muda si muda mhudumu anapita kwenye ujia akigonga kijimarimba chake, ting ting ting, zamu ya kwanza! Unaingia, unaketishwa meza ya watu wanne na usiowajua, supu inamwagika kidogo treni ikikata kona. Enzi za ukoloni daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika, na kengele ile haikulilia daraja la tatu. Daraja la tatu lilikula kilichopitishwa dirishani stesheni: ndizi, mayai, mahindi. Kwa utamu, sina hakika ni nani aliyepunjwa.

Turudi baharini. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilitangaza kwamba abiria wake watakula saa wanayotaka, mkahawa wanaoutaka, na yeyote. Kampuni nyingine zikafuata kwa namna zao, na siku hizi meli nyingi hukupa uchague: zamu maalumu au wakati wowote. Si kila mtu alifurahi. Kuna wazee wanaoshikilia zamu ya pili na meza ya wanane kana kwamba ni urithi wa familia, na mimi ningekuwa nao. Ningependa kuona inakuwaje siku ya tatu, hadithi za kujisifu zikiisha. Cunard, kampuni ileile ya Cambria, bado hupanga mkahawa wako kwa kutazama kabini uliyolipia: katika Queen Mary 2, wa vyumba vikubwa wanakula Queens Grill, wanaofuata Princess Grill, na walio wengi Britannia. Rangi haiulizwi tena.

Aliyeguswa zaidi na mabadiliko hayo hakuwa abiria. Chini ya utaratibu wa zamani mhudumu alikuwa na meza zake safari nzima. Alijua nani hanywi kahawa, nani ana kisukari, mtoto gani hali karoti. Usiku wa mwisho abiria walimpa bahasha, na bahasha zile ndizo zilizokuwa mshahara wake hasa. Sasa abiria akihama meza kila usiku, bahasha inakwenda kwa nani? Kampuni zikajibu kwa kukata ada ya huduma kila siku moja kwa moja kwenye akaunti ya abiria. Wako wahudumu wanaosema afadhali, na wako wanaosema abiria hawajui tena majina yao.

Miongoni mwa wahudumu hao wamo vijana wa Kenya, waliosomea hoteli Mombasa au Nairobi, wakasaini mkataba wa miezi kadhaa na kuacha mtoto kwa nyanya. Katika meli nyingi, ngazi chache chini ya ukumbi wa abiria, kuna kumbi nyingine ambazo hazimo kwenye ramani unayopewa: moja ya maafisa, moja ya watu wa ofisi na burudani, moja ya wafanyakazi wa kawaida. Hapo hakuna fomu. Anakula wali wake haraka kabla ya zamu ya kwanza, anaosha mikono, anapanda juu, anaanza kukunja vitambaa. Meza ya wanane, kando ya dirisha. Mmoja hali nguruwe, mwingine karanga zinamdhuru. Majina ameshayakariri.