Shindano la hadithi lililoikusanya Harlem

Mwaka 1924, kijana Mweusi wa Marekani aliyekuwa na hadithi nzuri alikuwa na sehemu chache mno za kuipeleka. Majarida makubwa ya New York yalikuwa ya Wazungu, na Mweusi alipojitokeza katika kurasa zake, mara nyingi alikuwa mtumishi au kichekesho. Ndipo Opportunity, jarida ambalo halikuwa limetimiza hata miaka miwili, lilipotangaza shindano la uandishi kwa Weusi peke yao: hadithi fupi, mashairi, tamthilia, insha na visa vya maisha ya mtu mwenyewe.

Jarida hilo lilianza kutoka Januari 1923, likimilikiwa na National Urban League, shirika lililowasaidia Weusi waliohamia miji ya kaskazini kutoka mashamba ya kusini. Mhariri wake, Charles S. Johnson, alikuwa mwanasosholojia. Alikuwa amechunguza ghasia za kibaguzi zilizoitikisa Chicago mwaka 1919, na uchunguzi huo ulizaa kitabu kinene kilichochapishwa mwaka 1922. Mtu aliyezoea kuhesabu vyumba, mishahara na maiti ndiye aliyeona kwamba hadithi inaweza kumfikia msomaji ambaye takwimu hazimgusi. Namheshimu sana kwa hilo.

Johnson hakukaa ofisini akingoja posta. Aliwaandikia barua vijana waliokuwa mbali, akawasihi watume kazi zao na, wakiweza, waje New York wenyewe. Mmoja wao alikuwa Zora Neale Hurston, mzaliwa wa kusini aliyekuwa amesoma Chuo Kikuu cha Howard jijini Washington. Desemba 1924 Opportunity ilichapisha hadithi yake “Drenched in Light”, na mwezi uliofuata akawasili New York. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa na dola moja na nusu tu, bila kazi wala rafiki. Mke wa Johnson akawa anamlisha chakula cha jioni na kumpa nauli. Historia za fasihi hupenda kuwataja wahariri na kuwasahau waliopika; bila sahani hizo, huenda tungekuwa na Zora mwingine.

Shindano lenyewe lilipokea kazi 732. Waamuzi walikuwa 24, Weusi na Wazungu, watu wenye majina: James Weldon Johnson upande wa mashairi, na Fannie Hurst, mwandishi wa riwaya zilizouzwa sana wakati huo, upande wa hadithi. Tarehe 1 Mei 1925 washindi walitangazwa kwenye karamu mjini New York iliyohudhuriwa na watu zaidi ya 300. Hadithi fupi iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa “Fog” ya John Matheus. Zora akawa wa pili kwa “Spunk”, akawa wa pili tena upande wa tamthilia. Katika mashairi, Langston Hughes alishinda kwa “The Weary Blues”, akapewa dola 40.

Fedha hizo hazikukaa mfukoni. Kilichodumu ni watu walioonana usiku ule. Carl Van Vechten, mhakiki aliyesikilizwa na wachapishaji, alizungumza na Hughes. Mwaka uliofuata kampuni ya Alfred A. Knopf ikatoa kitabu cha kwanza cha mashairi ya kijana huyo. Fannie Hurst alimwajiri Zora kuwa katibu wake. Annie Nathan Meyer, mmoja wa waanzilishi wa Chuo cha Barnard, alimtafutia nafasi ya masomo, na Zora akahitimu hapo mwaka 1928. Charles Johnson ndiye aliyepanga wakutane: aliwaalika wachapishaji na watunzi chini ya paa moja, jambo ambalo New York ya siku zile haikuwa na mazoea nalo.

Zawadi za shindano la pili, la mwaka 1926, zilitolewa na Casper Holstein, mzaliwa wa St. Croix aliyetajirika kwa bahati nasibu haramu ya Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York. Safari hii nafasi ya pili ya hadithi fupi waligawana wawili: Zora, na msichana wa Boston mwenye miaka 18, Dorothy West, kwa hadithi yake “The Typewriter”. Hilo naliona kuwa ushahidi bora kuliko wote wa usawa wa shindano lile. Chipukizi asiyejulikana alisomwa kwa macho yale yale aliyosomwa nayo Zora, ambaye Harlem nzima ilikwisha kumjua.

Mwaka 1927, baada ya shindano la tatu, Charles Johnson aliyasimamisha mashindano, akisema waandishi wanahitaji muda zaidi wa kukomaza kazi zao. Mwaka uliofuata akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Fisk, ambacho baadaye alikiongoza akiwa rais wake wa kwanza Mweusi.

Chini ya Johnson, mashindano matatu tu, basi. Zora alitoa riwaya yake *Their Eyes Were Watching God* mwaka 1937. Dorothy West alitoa riwaya yake ya mwisho mwaka 1995. Mhariri anayetangaza shindano la hadithi leo na aige kazi ya Johnson yote: awaandikie vijana kabla hawajamwandikia, azichapishe hadithi zilizoshinda, na siku ya zawadi amketishe mchapishaji karibu na mshindi.