Habari ya Mwezi: Kutoka Ngamia wa Kurayb Hadi Simu ya Mkononi



 

Ndugu msomaji, kila ikifika jioni ya tarehe 29 Shaabani swali ni lile lile: "Umeonekana?" Watoto wamepanda juu ya nyumba, simu zinalia, na kabla ya Isha kila mtu ana jibu lake. Katika makala haya nataka tuangalie jinsi binadamu alivyokuwa akipashana habari zama kwa zama, na nimechagua habari moja tu, ya mwezi. Sababu ni kwamba habari hii imepita karibu katika kila njia iliyobuniwa, ya miguu, ya mnyama, ya waya na ya hewani, na katika kila njia wanazuoni walilazimika kuuliza kama inatosha kumfungisha mtu au kumfungulisha.

Tuanze Madina. Abu Dawud na wengineo wamepokea kwamba mwaka mmoja mwezi wa Shawwal ulifichika, watu wakaamka wamefunga. Mwisho wa mchana ukaingia msafara. Wasafiri wakashuhudia mbele ya Mtume (s.a.w.) kwamba wao wameuona mwezi jana. Akawaamrisha watu wafungue, na kesho yake asubuhi watoke kwenda kuswali Idi. Habari ilichelewa, ikapokewa vile vile ilivyochelewa, na swala ikasogezwa. Hakuna aliyemlaumu mpanda ngamia kwa nini hakuja mapema, kwani hakukuwa na kitu cha kumshinda ngamia.

Kisa cha pili ndicho chenye uzito zaidi, na wengi wetu tumekisoma madrasa bila kukitazama kwa jicho la mawasiliano. Kurayb alitumwa na Ummul Fadhl, mamake Ibn Abbas (r.a.), aende Sham kwa Muawiya. Ramadhani ikamuingilia huko, na mwezi ukaonekana usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina, mwezi ulikuwa unaelekea kuisha. Ibn Abbas akamuuliza wameuona lini. Akajibu, usiku wa Ijumaa. Akaulizwa tena: wewe mwenyewe umeuona? Akasema ndiyo, na watu wameuona, wakafunga, na Muawiya akafunga. Ibn Abbas akamwambia kwamba wao Madina waliuona usiku wa Jumamosi, kwa hiyo wataendelea kufunga mpaka watimize thelathini au wauone. Kurayb akauliza kama kuona kwa Muawiya hakutoshi. Akajibiwa la, hivyo ndivyo alivyotuamrisha Mtume (s.a.w.). Hadithi hii iko katika Sahih Muslim.

Hebu tulia kidogo hapo. Miji miwili mikubwa ya Kiislamu ilianza kufunga siku mbali mbali, na muda wote ule wa mfungo Madina haikujua kuwa Sham imetangulia. Hakukuwa na ugomvi kwa sababu hakukuwa na habari. Habari yenyewe ilipofika, ilifika na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, akahojiwa ana kwa ana. Wanazuoni waliokuja baadaye wameitumia hadithi hii kwa rai tofauti. Wako waliosema kila mji una mwandamo wake, na wako waliosema ukionekana pahala pamoja umewalazimu wote. Mimi si wa kuamua baina yao. Ninalotaka uone ni kwamba mjadala huu wote umejengwa juu ya mwendo wa mnyama mmoja kati ya Damascus na Madina.

Muawiya huyo huyo ndiye anayetajwa kuwa aliweka mpango wa posta ya dola, uitwao barid, na Abdul Malik bin Marwan (685–705) akaupanua. Haukuwa uvumbuzi mpya kabisa, Wafursi walikuwa na vituo vyao vya barabarani karne nyingi kabla ya Uislamu. Siri yake ni nyepesi: mnyama anachoka, barua haichoki. Basi unaweka vituo, tarishi akifika anabadilisha mnyama na kuendelea. Wakati wa Sultani Baybars wa Misri (1260–1277) habari ilitoka Cairo ikafika Damascus kwa siku nne. Kulikuwa na njiwa pia, ambao Nur ad-Din Zangi aliwawekea utaratibu wa kiserikali katika karne ya 12, wakibeba karatasi nyembamba mno. Na Mamluki walikuwa wakiwasha mioto juu ya vilima, kituo baada ya kituo, kutoa habari ya Wamongolia wakionekana upande wa Furati.

Lakini barid ilikuwa mali ya mtawala, si yangu wala yako. Raia alipata habari ya mwezi pale pale alipo. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alikuja kupita Mombasa yetu hii na kufika Kilwa, alishuhudia mwaka 1326 katika mji wa Abyar, Misri, jinsi kadhi alivyotoka na wakubwa wa mji tarehe 29 Shaabani hadi mahali pa juu nje ya mji, na watu wazima kwa watoto wakimfuata. Baada ya Magharibi walirudi na mishumaa, mienge na taa, na wenye maduka nao wakawasha mishumaa. Aliyeona taa zinaingia mjini hakuhitaji kuambiwa neno.

Huku pwani tulikuwa na mbiu, pembe ya nyati inayopigwa watu wakusanyike. Ndiyo maana tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Habari za mbali zilikuja na jahazi, na jahazi halina haraka. Kaskazi ikivuma kuanzia Disemba, barua za Oman na Hadhramaut zinashuka. Jibu linasubiri kusi. Mtu aliweza kuandikiwa habari ya msiba wa babake, akasoma matanga yamekwisha zamani.

Mambo yaligeuka kwa waya. Samuel Morse alituma ujumbe kutoka Washington hadi Baltimore mwaka 1844, na kufikia 1879 kebo ya chini ya bahari ilikuwa imetoka Aden ikapita Zanzibar hadi Durban. (Neno letu "simu" latokana na Kifursi, maana yake waya. Kwa hiyo wazee "walipiga simu" kabla hawajajua kuna chombo cha kusikiliza sauti.) Habari ikatengana na mbebaji wake kwa mara ya kwanza. Kurayb aliweza kuulizwa "umeuona wewe mwenyewe?" Sasa utamuuliza nani? Karani wa simu humjui, uso wake huuoni, na huenda hata si Muislamu.

Swali hili halikuwa la mzaha. Mwaka 1911 mwanazuoni wa Damascus, Jamaluddin al-Qasimi, alitoa kitabu kizima cha kuwaongoza watu kuifanyia kazi habari ya telegrafu. Mwaka huo huo Sheikh Muhammad Bakhit wa Misri naye alitoa chake juu ya kuthibitisha miandamo. Mtu anayedhani wanazuoni wa zamani waliukimbia uvumbuzi na asome historia ya miaka ile.

Gazeti nalo lilifika kwetu. Hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Sahifa mwaka 1930, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kisha Al-Islah mwaka 1932. Hata hivyo kwa mambo ya mwezi gazeti halisaidii sana, likitoka ushakula daku au ushakosa.

Redio ndiyo iliyokuja na nguvu. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, BBC mwaka 1957, na Sauti ya Kenya ikafuata baada ya uhuru. Nchi nzima ikawa inasubiri sauti moja, tangazo la Kadhi Mkuu. Ukimuuliza mzee yeyote atakwambia nyumba yenye redio ilivyojaa majirani usiku ule. Lakini redio ile ile ukiizungusha kidogo unasikia Saudia wamefunga jana. Lile ambalo Kurayb alilileta mwisho wa mwezi, sasa liliingia usiku ule ule, na hapo ndipo misikiti miwili ya mtaa mmoja ilipoanza kuswali Idi siku mbili.

Na si suala la saa, kama wengine wanavyodhani. Mombasa na Makka ziko karibu sana katika mstari mmoja wa longitudo, na saa zetu ni sawa sawa. Kinachotofautiana ni nani ameona wapi, na nani anakubaliwa.

Mwaka 2009 kebo ya TEAMS ilitoka Fujairah ikaingia Mombasa, karibu njia ile ile ya majahazi. Safari ya wiki kadhaa za kaskazi ikawa chini ya kupepesa jicho. Leo picha ya mwezi inafika kwenye simu yako bila jina la aliyeipiga, bila pahala, pengine ni ya mwaka juzi, na ishasambazwa mara mia kabla Kadhi hajafungua mdomo. Makadhi wa zamani walimhoji shahidi amesimama wapi, pembe za mwezi zilielekea upande gani, na ulikuwa juu kiasi gani pale jua lilipozama. Picha ile haijibu hata moja.

Na wakati huo huo shangazi yuko Dubai anapiga simu kusema Idi Mubarak, watoto wake wamevaa nguo mpya wanaonekana kwenye kioo, na huku Mombasa nyanya bado yuko jikoni anapika daku ya siku ya thelathini. Anawaitikia kwa furaha, anawaombea dua, kisha anaigeuza mahamri.