Maji Husafishwa Ng'ethu, Yakachafukia Kibera

Maji mengi ya mfereji jijini Nairobi hutoka Ndakaini, bwawa lililokamilika 1994 lenye uwezo wa takriban lita bilioni 70. Katika mtambo wa Ng'ethu hutiwa shabu ili tope lishikane na kuzama, huchujwa kwa mchanga, kisha hutiwa klorini. Hapo yananyweka. Yanapofika Laini Saba au Gatwekera, vijiji vya mtaa wa mabanda wa Kibera, mama mwenye mtoto mchanga hathubutu kumpa kabla ya kuyachemsha.

Chanzo cha tatizo hili ni cha zamani. Wanubi, askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Mwingereza, walipewa makazi Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye serikali ya kikoloni ilitaka wahame, ikawanyima huduma ili wasijione wenyeji. Hata hivyo, mwaka 1953 Bwawa la Nairobi lilijengwa bondeni, kando kabisa ya Kibera, liwe akiba ya maji ya mji. Leo limejaa magugu maji na uchafu unaoteremka kutoka mitaa ya juu.

Baada ya uhuru watu waliongezeka, mabomba hayakuwafuata. Wafanyabiashara wakaunganisha mipira ya plastiki kwenye bomba kuu pembezoni mwa mtaa, wakaipitisha ndani ya mitaro ileile inayobeba maji ya vyoo. Kwa kuwa maji huja kwa mgao, mpira hukaa mtupu kwa siku kadhaa, na presha ikishuka hufyonza maji taka kupitia kila ufa. Kwa sababu ya mgao huo kila kioski cha maji kina tangi; limekuwa la lazima. Lakini lisiposuguliwa, tope hutuama chini na klorini iliyosalia huisha nguvu.

Mwaka 2004 wenye vioski waliunda chama chao, Maji Bora Kibera, wapate kuzungumza na kampuni ya maji ya jiji badala ya kuwindana nayo. Miaka miwili baadaye, Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya UNDP ilieleza kwamba wakazi wa mitaa duni hulipia lita moja mara 5 hadi 10 zaidi ya matajiri wa mji huohuo. Huo ni uonevu, na mtungi wa lita 20 unaushuhudia kila asubuhi.

Majumbani watu walijitafutia dawa: kuchemsha, kuanika maji juani kwa saa sita katika chupa angavu, kutia kifuniko cha Waterguard, dawa ya klorini, mtungini. Kisha shirika la SHOFCO likaja na wazo ninaloliheshimu kuliko yote: kuyainua mabomba juu ya nguzo, yapite hewani mbali na mitaro, ambako yakivuja kila mtu anaona.

Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, kuna tatizo jingine. Huko sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu binafsi, na wenye ploti huchimba visima. Maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana floraidi nyingi, inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, wala klorini.

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Kaunti ianze kuitekeleza kwa kuyatoa mabomba mitaroni, na kuyapima maji ya kila kisima yanayouzwa Kawangware.